Hidra hana mkundu, sifongo hana tumbo: basi uchafu wao unatokea wapi? (uzi wa TP, yaani mazoezi ya vitendo, za bio-shimi, yaani biolojia na kemia, Bukavu)

MwalimuBagira · Bukavu

Jambo ndugu zangu. Wiki ijayo darasa la tano bio-shimi linaingia kwenye sura ya utoaji takamwili. Kitabu kina mistari minne tu juu ya wanyama wa majini wasio na uti wa mgongo, kinasema "amonia hutoka kwa kupenya ngozini", basi, ukurasa unageuka kwenda kwenye figo la binadamu. Batoto watauliza: hidra hana mkundu, sifongo hana hata tumbo, sasa uchafu unapita wapi? Nahitaji maelezo yanayosimama, pamoja na TP mbili au tatu. Vifaa ni mikroskopu moja ya ×400, bokali, seringi, na maji ya ziwa. Mwenye kujua asaidie.

---

LaboIbanda · Bukavu

Mwalimu, anza kwa kuwatenganishia vitu vitatu ambavyo vitabu vingi vinavichanganya kwenye neno moja "uchafu".

Kwanza, mabaki ya chakula: maganda, nyuzi, chochote kilichoingia mdomoni kikashindwa kumeng'enywa. Hicho hakijawahi kuwa sehemu ya mwili. Pili, takamwili yenyewe: amonia inayozaliwa ndani ya seli protini zikivunjwa, pamoja na kaboni dioksidi. Tatu, maji ya ziada: mnyama wa maji baridi ana chumvi nyingi ndani kuliko nje, hivyo maji yanamwingia mchana na usiku bila kuombwa, na asipoyatoa atavimba hadi apasuke.

Vitu vitatu, na kila kimoja kina njia yake ya kutokea. Ukimuuliza mwanafunzi "hidra anatoa uchafu wapi", swali lenyewe limekosewa. Muulize "kipi kati ya hivyo vitatu?"

Kwa nini amonia, wakati sisi tunatoa yurea? Hesabu ya maji. Kutoa gramu 1 ya nitrojeni kwa njia ya amonia bila kujitia sumu kunahitaji karibu mililita 500 za maji. Kwa yurea ni kama 50, kwa asidi ya yuriki kama 10. Anayeishi ziwani hana shida ya maji, kwa hiyo anachagua iliyo rahisi kutengeneza, maana yurea inagharimu nishati.

Na kwa nini ngozi inatosha? Hapa waandikie ubaoni umbali na muda. Amonia ikisambaa yenyewe kwenye maji yaliyotulia, milimita 0.1 ni sekunde 2 au 3. Milimita 1 ni dakika 4 hivi. Sentimita 1 ni karibu saa 7. Umbali ukizidi mara 10, muda unazidi mara 100. Ndani ya nyama ni polepole zaidi ya hapo. Ukiwa na tarakimu hizo huhitaji kukariri umbo la mnyama hata mmoja: hidra ni mfuko wenye kuta za tabaka mbili za seli, planaria, mnyoo mdogo wa majini, ni bapa kama utepe, sifongo ni matundu matupu. Hakuna seli iliyo mbali na maji. Kaa ni mnene, ndiyo maana analazimika kuwa na damu inayozunguka na matamvua.

---

LaboIbanda · Bukavu

Naendelea, mmoja mmoja.

Sifongo. Maji yanaingia kwa vitundu vidogo vya ubavuni, yanasukumwa na seli zenye mjeledi mmoja uliozungushiwa kola, yanatoka kwa tundu kubwa la juu, oskulamu. Sifongo wa baharini wa jenasi Leuconia, mwenye urefu wa sentimita 10 na unene wa sentimita 1, hupitisha lita 22 hivi kwa siku. Kila seli inamwaga amonia yake kwenye mkondo huo. Mabaki ya chakula yanatemwa na seli zenyewe upande wa mifereji inayokwenda nje, kisha yanasafiri na maji. Kwa hiyo oskulamu inafanya kazi ya mkundu, ingawa hakuna utumbo. Wale wa maji baridi wana nyongeza: seli zao zina vakuoli zinazosinyaa (vifuko vya ndani ya seli vinavyojaa maji na kuyasukuma nje) kwa ajili ya yale maji ya ziada.

Hidra. Tundu ni moja tu. Amonia inatoka kwa ngozi ya nje na pia kuingia kwenye uwazi wa tumbo. Mabaki ya chakula anayatapika kwa mdomo ule ule alioyameza nao, saa kadhaa baada ya kula. Maji ya ziada nayo yana hila yake: seli zinayasukuma pamoja na chumvi kidogo kuelekea kwenye tumbo, mfuko unajaa, halafu mdomo unafunguka na mwili unakunjana kuyatema. Ukimwona hidra mwenye njaa anavimba taratibu kisha ananywea ghafla, ndiyo hiyo.

Planaria. Mdomo uko katikati ya tumbo, upande wa chini, wala hauko kichwani. Utumbo una matawi matatu makubwa, moja mbele na mawili nyuma, yote yameziba mwishoni. Mabaki yanarudi kwa koromeo. Amonia inatoka ngozini. Kwa maji ya ziada ana protonefridia: mirija miwili au zaidi ya kila upande, yenye matawi, na kila tawi linaishia kwenye seli yenye kishungi cha silia (vinyweleo vidogo sana) kinachochezacheza kama mwali wa bujia (mshumaa). Seli mwali, jina limetoka hapo. Silia zikipiga, zinavuta majimaji kupitia kichujio chembamba, mrija unarudisha chumvi, maji yanatoka kwa vitundu vidogo vingi.

Rotifera, mnyama wa majini mdogo sana. Hapa tunapata utumbo ulionyooka, wenye kuingia na kutoka. Protonefridia mbili zinamwaga kwenye kibofu, kibofu kinasinyaa mara kadhaa kwa dakika na kumwaga kwenye kloaka, ambako utumbo pia unafungukia. Lakini Asplanchna, rotifera mkubwa mla wenzake, hana utumbo wa nyuma wala mkundu. Maganda ya aliowala anayatema mdomoni. Usiwaambie batoto "rotifera wote wana mkundu".

---

Amani_G · Goma

Aksanti Labo. Mimi nilikuwa najua vakuoli inayosinyaa ya amiba na paramesia, vile viumbe vya seli moja, ndiyo figo yao, inatoa yurea. Vitabu vya zamani vinasema hivyo. Sasa umesema ni maji tu?

---

LaboIbanda · Bukavu

Ni maji hasa, ndugu Amani. Amonia ya paramesia inapita kwenye utando wa mwili mzima, haina haja ya kungoja foleni kwenye vakuoli. Kiasi kidogo kinatoka na maji, ndiyo, kama vumbi linavyotoka na maji ya kufulia, lakini si kazi ya kile chombo. Ushahidi rahisi: ongeza chumvi kwenye maji, vakuoli inapunguza mwendo, na paramesia hajilimbikizii sumu. Jamaa zao wengi wa baharini hawana hata hiyo vakuoli, na amonia yao inatoka vilevile. Vakuoli ingekuwa figo, wasingeweza kuishi bila hiyo.

Tena paramesia na amiba si wanyama, ni protista. Tunawaweka kwenye sura hii kwa sababu ni wepesi kuonyesha, si kwa sababu ni ndugu za hidra. Paramesia ana hata mahali maalumu pa kutolea mabaki ya chakula, pembeni upande wa nyuma. Kwa hiyo kiumbe cha seli moja ana "mkundu" na hidra mwenye maelfu ya seli hana. Batoto wanapenda sana hilo.

---

MwalimuBagira · Bukavu

Hapo sawa kabisa. Sasa TP, yaya. Ya kwanza nafikiri iwe hiyo ya chumvi.

---

LaboIbanda · Bukavu

TP ya chumvi na vakuoli.

Paramesia: chemsha gramu 10 za majani makavu kwenye lita 1 ya maji kwa dakika 10 hadi 15, acha yapoe usiku mzima bila kufunika sana, kesho tia vijiko viwili vya maji ya bwawa au ya mfereji uliosimama wenye majani yanayooza. Siku 5 hadi 10 utaona vumbi jeupe linalotembea karibu na uso wa maji. Bokali likianza kunuka yai viza, oksijeni imekwisha, anza upya na majani machache.

Chumvi: gramu 10 ndani ya lita 1 ya maji safi. Kisha tyubu nne: mililita 0, 2, 4 na 6 za hiyo chumvi, kila moja uijazie maji safi hadi 10. Una gramu 0, 2, 4 na 6 kwa lita.

Kwenye lamu (kioo cha kuwekea sampuli) weka tone 1 la paramesia na tone 1 la chumvi. Kosa la kila mwaka ni hili: ukichanganya tone kwa tone, chumvi inagawanyika kwa mbili. Mwanafunzi anaandika 6 kumbe ni 3. Waandike 0, 1, 2, 3.

Tia nyuzi chache za pamba kabla ya lameli (kioo chembamba cha kufunikia), zimzuie asikimbie. Ngoja dakika 5 azoee. Tafuta mmoja aliyekwama, mfuate kwa ×400, piga saa kutoka kusinyaa hadi kusinyaa mara 10, chukua wastani. Ana vakuoli mbili zinazopishana, mbele na nyuma. Chagueni moja mkae nayo, la sivyo mtahesabu mara mbili. Kwenye maji yasiyo na chumvi tarajieni sekunde 10 hadi 20 hivi kwa kila mzunguko, na muda unarefuka chumvi ikipanda.

Taa ya mikroskopu inapasha joto, na joto linaharakisha vakuoli. Zimeni taa kati ya vipimo, au tumieni kioo na mwanga wa dirisha, umeme wenyewe mnaujua. Na tone likianza kukauka pembeni ya lameli, chumvi inapanda bila nyinyi kujua. Dakika 10 kwa lamu, kisha tupa.

---

Amani_G · Goma

Hapa kwetu maji ya bomba ni ya ziwa. Je, badala ya kutengeneza chumvi, si tulinganishe maji ya mvua na maji ya Kivu? Kivu ina chumvi zake tayari.

---

Hydro_Kivu · Bukavu

Wazo zuri lakini litakudanganya. Maji ya juu ya Kivu yana chumvi za karibu gramu 1 kwa lita, bikaboneti za magnesiamu na sodiamu kwa wingi, na pH yake (kipimo cha asidi, 7 ndiyo katikati) iko kwenye 9 hivi. Maji ya mvua hayana chumvi, na pH yake iko chini ya 7. Ukilinganisha hayo mawili umebadilisha vitu viwili kwa mpigo, na vakuoli ikipunguza mwendo hujui ni chumvi au ni pH. Tumia maji ya aina moja, ongeza chumvi ya jikoni tu.

Na kwa kuwa umeitaja pH, hili ndilo jambo ambalo kitabu kilichoandikwa Ulaya hakitakuambia, na ndilo linaloua wanyama kwenye mabokali ya Goma na Bukavu.

Amonia majini ina sura mbili. Iliyoshika hidrojeni ya ziada, amoniamu, ina chaji na haipenyi utando kwa urahisi, na ukali wake ni mdogo. Isiyo na chaji inapenya popote na ndiyo sumu. Kipi kinazidi kipi kinategemea pH. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi: pH 7, sehemu yenye sumu ni 0.6 kwa mia. pH 8, ni 5 kwa mia. pH 9, ni 36 kwa mia. Kwa hiyo miligramu 1 ile ile ya amonia kwa lita ni karibu mara 60 kali zaidi kwenye maji ya Kivu kuliko kwenye maji ya pH 7.

Kuna la pili. Mnyama anayetegemea ngozi tu anahitaji nje kuwe na amonia isiyo na chaji kidogo kuliko ndani, ndipo yake itoke. Kwenye maji ya pH 7 kila molekuli ikitoka inanaswa mara moja na hidrojeni, inageuka amoniamu, hairudi. Mlango wa upande mmoja. Kwenye pH 9 mtego huo ni dhaifu, amonia inabaki huru karibu na ngozi. Ziwani si tatizo kwa sababu maji ni mengi na mawimbi yanaifagia. Ndani ya bokali la nusu lita ni tatizo kubwa. (Kwenye Ziwa Magadi, Kenya, ambako pH inafika 10, kuna tilapia mdogo aliyeacha kabisa amonia, anatoa yurea kama mtu. Samaki huyo, si mdudu, lakini anaonyesha ugumu wenyewe.)

---

Amani_G · Goma

Docta, ndiyo maana dafnia (viroboto wa maji) wa kwenye bokali la maji ya ziwa wanakufa siku ya tatu au ya nne? Tunalaumu klorini kila mara.

---

Hydro_Kivu · Bukavu

Klorini inaua ndani ya saa chache, haingoji siku ya tatu. Ukiacha maji ya bomba wazi saa 24 hadi 48, klorini ya kawaida imeondoka. Kifo cha siku ya tatu ni cha chakula kilichozidi: hamira inaoza, bakteria wanatoa amonia kuliko hata dafnia wenyewe, na pH 9 inamalizia kazi.

Kwa hiyo: dafnia 20 kwa lita 1, wasizidi. Hamira, ile levire ya mikate, punje chache zilizokorogwa kwenye kijiko cha maji, kiasi cha kutia ukungu hafifu tu unaotoweka ndani ya siku moja. Haukutoweka? Usilishe. Badilisha theluthi ya maji kila siku ya pili, kwa maji yenye joto lile lile.

Msijaribu kushusha pH kwa siki. Bikaboneti za Kivu zinaimeza, povu la kaboni dioksidi linatoka, baada ya muda pH inapanda tena, na siki iliyobaki inakuwa chakula cha bakteria. Pampu ya hewa nayo inafukuza kaboni dioksidi, kwa hiyo pH haishuki hata kidogo. Kama mna maji ya mvua, zoesheni wanyama taratibu: robo ya mvua siku ya kwanza, nusu siku ya tatu, robo tatu siku ya tano. Msifike mvua tupu, kwa sababu dafnia anahitaji kalisi ya gamba lake.

---

Mukubwa_Kipopo · Lubumbashi

Wakubwa, huku Lubumbashi pH si shida yetu, shida ni shaba. Maji ya mito ya mjini, Kafubu na Lubumbashi, yana madini. Shaba kiasi kidogo sana, makumi ya mikrogramu kwa lita, inatosha kumwangusha dafnia, na njia yake inahusu uzi huu huu: inaziba pampu zinazoingiza sodiamu mwilini, kwenye vijimfuko vya miguu ya dafnia, pale pale amonia inapotokea. Chumvi inamwisha mwilini. Kwa hiyo msitumie bomba la shaba nyeupe wala nyekundu, msiweke waya wa shaba kuning'inizia kitu ndani ya bokali. Chota maji ya mvua kwenye bidoo (dumu) ya plastiki, si ya paa la kiwandani.

Labo, umeruka dafnia na konokono.

---

LaboIbanda · Bukavu

Kweli. Kwa ufupi: dafnia na jamaa yake mdogo siklopsi wana utumbo kamili, mkundu nyuma. Amonia ya dafnia inatoka hasa kwenye vile vijimfuko vya miguu ambavyo mukubwa amevitaja. Tezi ya gamba, ule mrija uliojikunja unaouona ubavuni kupitia gamba, inashughulikia maji na chumvi. Konokono wa maji baridi ana figo moja karibu na moyo, anatoa amonia, na wengine yurea pia. Ruba ana nefridia (mirija inayofanya kazi kama figo) pande zote mbili za mwili, jozi 17 kwa ruba wa tiba, na akishanyonya damu zinafanya kazi kweli kweli kupunguza maji ya ile damu. Tubifeksi, vile vinyoo vyekundu vya mitaroni, kichwa kiko ndani ya matope na mkia juu. Anakula chini anakunya juu, hivyo matope yanapinduliwa polepole kutoka chini kuja juu.

Kaa wa mto ana tezi kwenye shina la papasi (antena), lakini mwanafunzi akisema amonia ya kaa inatoka humo, kata alama. Inatoka kwenye matamvua.

TP ya pili, mabaki ya chakula. Gramu 3 za hamira, miligramu 30 za rangi nyekundu ya Kongo, mililita 10 za maji, chemsha polepole dakika 10. Tia ncha ya kijiti kwenye tone la paramesia. Ndani ya dakika 2 utaona vifuko vyekundu vinaundwa. Vinageuka buluu au zambarau, kwa sababu rangi hii ni nyekundu juu ya pH 5 na buluu kwenye pH 3, yaani asidi imemwagwa ndani. Baadaye vinarudi rangi ya machungwa, na mwisho kimoja kimoja kinafika pembeni upande wa nyuma na kutapika kilichomo. Tukio hilo la mwisho ni la sekunde chache, na huenda likangoja nusu saa au zaidi. Gaweni zamu.

Glavu ni lazima, rangi hiyo imetokana na benzidini, kemikali yenye sumu. Msimimine kwenye lavabo (sinki).

---

Mukubwa_Kipopo · Lubumbashi

Na batoto wakiuliza kwa nini inaitwa ya Kongo: kampuni ya AGFA ya Berlin iliitoa sokoni mwaka 1885, mwaka ule ule Mkutano wa Berlin ulipomalizika. Jina la kuuzia tu. Hakuna hata punje ya udongo wetu ndani.

---

MwalimuBagira · Bukavu

😂 Hiyo naiweka kwenye somo. Sasa seli mwali. ×400 inaweza? Na planaria nampata wapi?

---

Hydro_Kivu · Bukavu

Planaria: vijito vya milimani vyenye maji baridi na kivuli, chini ya mawe. Geuza jiwe, angalia utepe wa kahawia au kijivu unaoteleza bila kukunjana kama funza. Au funga kipande cha ini la ng'ombe kwenye uzi, kiache chini ya jiwe dakika 30 hadi 60. Vaa buti na glavu, na usiingie kwenye ghuba zenye majani na konokono, bilharzia iko.

Kuwatunza ndiko kunakofundisha takamwili kuliko lamu. Lisha mara moja kwa wiki, ini la ukubwa wa punje ya mchele kwa planaria watano. Baada ya saa 1 au 2 toa kilichobaki, badilisha maji yote, na kesho yake badilisha tena, kwa sababu mabaki wanayatapika baadaye. Usipobadilisha mara ya pili, siku ya tatu wanaanza kumeguka kichwani. Hidra hivyo hivyo: mlishe dafnia wadogo asubuhi, badilisha maji saa 6 hadi 8 baadaye. Maganda matupu utakayoyakuta chini ya bokali ndiyo "kinyesi" chake, waonyeshe.

Seli mwali kwa ×400: mnyime planaria chakula wiki moja, la sivyo utumbo wake mweusi unafunika kila kitu. Chagua mdogo kabisa, milimita 3 au chini. Lameli juu, kisha nyonya maji pembeni kwa karatasi ya chujio, kidogo kidogo, mpaka abanwe bapa asitembee. Funga diaframu (tundu la mwanga la mikroskopu) karibu yote. Mwanga mkali ndio unaowaficha. Angalia pembezoni mwa mwili, tafuta kitu kinachotetemeka mahali pamoja bila kuhama. Una dakika chache kabla hajayeyuka. Silia za ngozi nazo zinatetemeka, lakini ziko ukingoni kabisa na zinakwenda kama wimbi. Seli mwali iko ndani na inapepea peke yake.

Ikishindikana, tafuta rotifera mkubwa mwangavu kwenye maji ya ziwa yaliyochujwa kwa kitambaa chembamba. Kibofu chake kinachojaa na kusinyaa unakiona hata kwa ×100.

---

Amani_G · Goma

Na kupima amonia yenyewe? Wengine hutumia maji ya kabichi nyekundu au karatasi ya litmasi kwenye bokali la konokono.

---

Hydro_Kivu · Bukavu

Hapana. Konokono anapumua, kaboni dioksidi inafanya maji kuwa ya asidi, na karatasi itaonyesha kinyume cha ulichokuwa unatafuta. Kwenye maji ya Kivu haitaonyesha chochote, bikaboneti zinazuia. Tumieni kipimo cha matone cha akwariamu, cha salisilati. Kile cha Nessler kina zebaki, kiacheni nje ya darasa.

Konokono 5 wafungishwe chakula saa 24, waoshwe, watiwe kwenye mililita 200 za maji ya mvua. Bokali la pili lenye maji hayo hayo na maganda matupu yaliyooshwa, bila hilo hamjui kama amonia ni ya konokono au ya bakteria. Pimeni saa 0, 3 na 6. Kinyesi kikionekana, kitoe kwa pipeti mara moja. Kipimo kinatoa jumla ya sura zote mbili za amonia. Sehemu yenye sumu mnaipata kwa kuzidisha na ile asilimia ya pH yenu.

---

MwalimuBagira · Bukavu

Aksanti sana wote. Swali la mwisho: kwenye egzeta (mtihani wa taifa) wakileta mchoro wa planaria na mshale "mkundu" kwenye lile tundu la tumboni?

---

LaboIbanda · Bukavu

Ni mdomo, Mwalimu. Na kama kuna tundu la pili nyuma yake kidogo, hilo ni la uzazi.